Dengu, Ngozi za Mbuzi na Pango la Makpela: Uchambuzi wa Kisa cha Mirathi ya Isaka

Esau alipojua kwamba pacha wake Yakobo amejifanya yeye na kupokea baraka ya baba yao Isaka, malalamiko yake yalikuwa mawili. Alisema ndugu yake amemhadaa mara mbili: kwanza alichukua bekhora yake, haki ya mzaliwa wa kwanza, na sasa amechukua berakha yake, baraka yake (Mwanzo 27:36). Kwa Kiebrania maneno hayo yana konsonanti zilezile tatu zilizobadilishana nafasi, b-k-r na b-r-k. Mizizi yote miwili imefika hadi kwetu kupitia Kiarabu. Baraka tunaijua, na bikira limetokana na bikr, neno ambalo kwa Waarabu ni mwanamwali na pia ni mtoto wa kwanza. Ila Biblia za Kiswahili hutafsiri bekhora kwa maneno matano, "haki ya mzaliwa wa kwanza", na mlio ule ukapotea. Pengine ndiyo maana watu wengi hukisimulia kisa hiki kana kwamba kilichogombewa ni kitu kimoja: Yakobo kamwibia Esau urithi, basi.

Ukifuata maandishi aya kwa aya, vitu vilivyogombewa ni vitatu. Kimoja kiliuzwa. Kimoja kiliibwa. Cha tatu, ambacho ndicho kizito kuliko vyote, kilitolewa mchana kweupe bila hila yoyote, na aliyekitoa alijua vizuri anampa nani.

Kifungua mimba ni nani

Isaka alioa akiwa na miaka 40 na akapata watoto akiwa na 60. Kwa mapacha, swali la kwanza la mirathi ni nani aliyetangulia kutoka. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, waliweka utaratibu wa ushahidi: mkunga huaminiwa papo hapo, mama huaminiwa ndani ya siku saba za kwanza, na baba huaminiwa wakati wowote (Kidushini 74a, katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala yao). Tamari alipojifungua mapacha, mkunga alifunga uzi mwekundu kwenye mkono uliotokeza kwanza. Kwa Rebeka uzi haukuhitajika. Wa kwanza alikuwa mwekundu, mwili mzima nywele kama vazi la manyoya. Wa pili alifuata akiwa ameshika kisigino cha mwenzake, na jina Yakobo likatokana na kisigino hicho.

Rashi (1040–1105), mfafanuzi mkubwa wa Torati kutoka Troyes, Ufaransa, analeta hoja ya kumtetea Yakobo. Tia vijiwe viwili kwenye mrija mwembamba, na kilichoingia kwanza kitatoka mwisho. Kwa hiyo Yakobo ndiye aliyetungwa kwanza. Kwa mahubiri inafaa. Kwa mirathi haifai, kwa sababu sheria huhesabu kutoka tumboni, wala haihesabu kutungwa mimba.

Kabla hawajazaliwa, Rebeka alikuwa ameambiwa na Mungu kwamba tumboni mwake mna mataifa mawili, na mkubwa atamtumikia mdogo. Kiebrania chake ni maneno matatu tu, rav ya'avod tza'ir, na hakuna kiambishi cha kuonyesha nani mtendaji na nani mtendwa. Kwa mpangilio wa kishairi unaweza hata kuyageuza. Tena neno lililotumika ni rav, "mkubwa", na si bekhor, "mzaliwa wa kwanza". Lakini lililo zito zaidi kwa mchambuzi wa mirathi ni jingine: hakuna aya inayosema Rebeka alimweleza mumewe habari hiyo. Kosa la kwanza la kisa liko hapo. Wazazi wawili walikaa na taarifa zisizolingana, kila mmoja akachagua mtoto wake. Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya nyama ya mawindo, Rebeka akampenda Yakobo, na Biblia haitoi sababu yake.

Mali yenyewe

Kulikuwa na nini cha kurithi? Ibrahimu alimpa Isaka vyote alivyokuwa navyo. Wana wa masuria aliwapa zawadi na kuwapeleka upande wa mashariki angali hai (Mwanzo 25:5-6). Kwa hiyo Isaka hakuwahi kukaa na ndugu kugawana mali, na utaratibu wa kumaliza mambo kabla ya kufa ulikuwa wa nyumbani kwao. Mali yake ilikuwa mifugo, watumwa, visima alivyochimba na kugombea, na mwaka mmoja huko Gerari alivuna mara mia ya alichopanda.

Ardhi yenye umiliki usio na shaka ilikuwa moja tu: shamba na pango la Makpela karibu na Hebroni. Ibrahimu alilinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi langoni pa mji. Nchi iliyobaki ilikuwa ahadi. Pango hilo tutalirudia.

Fungu la mzaliwa wa kwanza limeandikwa katika Kumbukumbu la Torati 21:17 kwa maneno pi shnayim, neno kwa neno "kinywa cha wawili". Marabi hulihesabu hivi: hesabu wana, ongeza mmoja, gawa mali kwa idadi hiyo, kisha mzaliwa wa kwanza achukue mafungu mawili. Wana watano hufanya mafungu sita, naye huondoka na theluthi moja. Wana wawili hufanya mafungu matatu, naye huondoka na theluthi mbili. Talmudi (Bava Batra 122b) inajiuliza kama maana yake si theluthi mbili za mali yote hata wana wakiwa wengi, maana katika Zekaria 13:8 maneno hayohayo yana maana ya theluthi mbili, lakini hoja hiyo haikushinda. Kwa Isaka tofauti haipo: akiwa na wana wawili, njia zote mbili zinatoa jibu moja.

Yapo masharti mawili ambayo husahauliwa. Fungu la ziada hutolewa katika mali iliyokuwa mkononi mwa marehemu siku ya kufa. Kilichokuwa kinatarajiwa tu, kama urithi ambao yeye mwenyewe angeupata baadaye, hugawanywa sawa kwa sawa. Na anayechukua mafungu mawili hulipa mafungu mawili ya madeni ya baba. Akisema, "Sichukui wala silipi," anaruhusiwa (Bava Batra 124a). Bekhora basi haikuwa faida tupu.

Na je, enzi za Isaka ilikuwa na faida yoyote ya mali? Wafafanuzi waligongana. Rashi anasema ilikuwa huduma ya madhabahuni, ambayo wazaliwa wa kwanza waliifanya kabla ya makuhani. Ibn Ezra anasema Esau aliidharau kwa kuwa aliona baba yake hana kitu. Ramban (1194–1270) alimjia juu Ibn Ezra: Isaka alikuwa tajiri, ila fungu maradufu lilikuja na Torati, na zamani zile bekhora ilikuwa heshima na ukuu wa nyumba baada ya baba kufa. Ramban ndiye anayelingana zaidi na maneno ya Esau mwenyewe. Mwindaji anayekabili wanyama kila siku anauliza ukuu wa baada ya mauti ya baba utamfaa nini, ikiwa huenda yeye akatangulia.

Mauzo ya dengu

Muamala umeandikwa kwa ufupi kama hati. Yakobo anapika, Esau anarudi porini amechoka na kuomba "hicho chekundu, chekundu hicho". Yakobo anamwambia amuuzie leo bekhora yake. Esau anakubali. Yakobo anadai kiapo, tena leo. Esau anaapa, anauza, anapewa mkate na dengu. Kisha vinafuata vitenzi vitano vya mfululizo: akala, akanywa, akaondoka, akaenda, akadharau. Kwa mwandishi wa Mwanzo, kosa la Esau liko katika kitenzi cha tano. Juu ya tendo la Yakobo hasemi neno.

Mauzo haya yangesimama mbele ya baraza la marabi? Hapa pana matatizo. Kanuni yao ni kwamba mtu hauzi kitu ambacho bado hakijawa chake. Talmudi (Bava Metzia 16a) inatoa mfano unaofanana kabisa na wetu: anayesema, "Nitakachorithi kwa baba nimekuuzia," hakusema kitu. Imeachwa nafasi moja tu. Akisema, "Nitakachorithi kwa baba leo," maneno yake yanasimama, kwa ajili ya heshima ya baba aliye kwenye kufa, ili mwana apate fedha za mazishi. Yakobo anasema "leo" mara mbili. Lakini siku ile Isaka hakuwa akifa, kwa hiyo neno lenyewe halitoshi. Walimu wa baadaye waliegemea kiapo, wakisema Yakobo alikidai kwa sababu mauzo peke yake yalikuwa dhaifu, au wakasema tu kwamba mambo haya yalitokea kabla ya Torati kutolewa.

Tatizo la pili halisemwi sana. Mapokeo yanasema dengu zile zilikuwa chakula cha matanga ya Ibrahimu, nazo zilipikwa kwa kuwa dengu haina mdomo, kama mfiwa naye asivyo na mdomo (Bava Batra 16b). Piga hesabu. Ibrahimu alimpata Isaka akiwa na miaka 100 na akafa akiwa na 175. Isaka basi alikuwa na 75, na mapacha 15. Sasa kanuni nyingine ya marabi hao hao inasema mtu hawezi kuuza mali iliyotoka kwa baba yake mpaka afikishe miaka 20. Ukifuata mapokeo yote mawili pamoja, aliyeuza alikuwa kijana asiye na uwezo wa kuuza, kwa kitu asichokuwa nacho bado, na baba yake yu hai.

Kuhusu bei, Rashbam, mjukuu wa Rashi, hakukubali kwamba bakuli la dengu lilikuwa thamani ya bekhora. Kwake Yakobo alilipa fedha, na chakula kilikuwa cha kufunga makubaliano, kama Yakobo na mjomba wake Labani walivyokula pamoja juu ya chungu ya mawe walipofanya agano. Aya haitaji fedha. Lakini wazo la ndugu kumuuzia ndugu sehemu ya urithi kwa bei ya chini halikuwa geni katika nchi zile. Kwenye vigae vya udongo vya Nuzi, mji uliochimbuliwa karibu na Kirkuk kati ya 1925 na 1931, kuna hati ya mtu aliyemwachia ndugu yake shamba la miti la urithi kwa kondoo 3. Hati hiyo haithibitishi kisa chetu. Inaonyesha tu kwamba muamala wa aina hii uliwahi kuandikwa na kushuhudiwa.

Siku ya ngozi

Miaka mingi baadaye Isaka, macho yamekufa, anamwita Esau faraghani: nenda ukawinde, unipikie, nile, nikubariki kabla sijafa. Faragha ndiyo ubovu wa mpango wenyewe. Wosia wa mgonjwa hupata nguvu kwa mashahidi. Huu ulipangwa kati ya watu wawili hemani, na aliyeusikia wa tatu alikuwa amejibanza.

Rebeka aliandaa vitu vinne: wanambuzi wawili waliopikwa kwa ladha aipendayo mzee, mkate, nguo nzuri za Esau zilizokuwa nyumbani kwake, na ngozi za wanambuzi walewale kwa ajili ya mikono na shingo ya Yakobo, ambazo zilikuwa laini. Isaka hakuwa mjinga. Alimpima mgeni wake kwa kila mlango aliobakiwa nao. Aliuliza imekuwaje mawindo yapatikane upesi hivyo. Alisikiliza. Alipapasa. Aliuliza tena, wewe ndiwe Esau? Alikula. Alimbusu, akanusa nguo. Sikio lilimwambia kweli, "Sauti ni sauti ya Yakobo," lakini mikono, ulimi na pua vikapiga kura upande wa pili, na sikio likashindwa.

Rashi anajitahidi kumwokoa Yakobo na uongo kwa kuligawa jibu lake: "Mimi ndiye," kisha, "Esau ni mzaliwa wako wa kwanza." Haishiki. Yakobo aliulizwa mara ya pili moja kwa moja, na katikati akamtaja Mungu kuwa ndiye aliyemharakishia mawindo.

Sasa soma baraka yenyewe (27:28-29) ukiwa na karatasi pembeni. Ndani yake kuna umande wa mbinguni, unono wa nchi, nafaka na divai tele, mataifa kumtumikia, kuwa bwana wa ndugu zake, na wana wa mama yake kumsujudia. Ibrahimu hatajwi. Nchi ya Kanaani haitajwi, wala agano, wala uzao. Ni baraka ya shamba na utawala, inayomfaa mtu wa porini. Isaka alidhani anampa mwindaji wake kilichomfaa mwindaji.

Esau akaingia na sahani yake. Isaka akatetemeka tetemeko kuu, halafu akasema neno ambalo wachambuzi wengi hulipita: "Naye atabarikiwa." Kwa lugha ya sheria, tendo lililofanywa kwa kukosea mtu linaweza kuvunjwa, na hapa aliyekosewa, mara tu alipojua, hakulivunja. Alilithibitisha.

Angeweza kulivunja hata baadaye. Katika sheria ya marabi, maneno ya mgonjwa aliye kitandani huhesabiwa kama yameandikwa na kukabidhiwa, lakini akipona, anaweza kuyabatilisha. Na Isaka alipona, tena sana. Yakobo alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 130. Mwanawe Yusufu wakati huo alikuwa na 39, yaani 30 alipoingia kazini kwa Farao, miaka 7 ya shibe, na 2 ya njaa. Kwa hiyo Yusufu alizaliwa Yakobo akiwa na 91. Kuzaliwa kwake kulifunga miaka 14 ya utumishi kwa Labani, basi Yakobo alifika Harani akiwa na 77, na Isaka alikuwa na 137. Isaka alifariki akiwa na 180. Mtu aliyegawa wosia kwa hofu ya kifo aliishi miaka 43 zaidi. Marabi, ambao wanaingiza miaka 14 ya masomo kabla ya Harani, wanapata 57. Kuna wosia mwingi wa haraka ulioharibu nyumba, lakini wenye nafasi ya miaka 43 ya kuurekebisha ni wachache.

Baraka ni maneno, si mbuzi wala shamba, na mtu anaweza kupinga kuipima kwa kanuni za zawadi ya mali. Ni kweli. Lakini Isaka mwenyewe aliishughulikia hivyo. Esau alipolia akiuliza kama hakubaki na baraka yoyote, alijibiwa kwa hesabu: nimemfanya bwana wako, nimempa ndugu zake kuwa watumwa, nimemtegemeza kwa nafaka na divai, nikufanyie nini basi? Halafu akapata cha kumpa: ataishi kwa upanga, atamtumikia nduguye, na siku moja atalivunja kongwa shingoni.

Kilichotolewa wazi

Rebeka, akijua Esau anasubiri matanga ya baba ili amuue nduguye, alitafuta sababu ya heshima ya kumwondoa Yakobo: asioe Wahiti kama Esau alivyofanya. Isaka akamwita Yakobo, bila ngozi, bila nguo za kuazima, na kumbariki tena (28:3-4). Safari hii maneno ni mengine kabisa: Mungu akupe baraka ya Ibrahimu, wewe na uzao wako, upate kuirithi nchi unayokaa kama mgeni.

Hiki ndicho urithi ambao Torati nzima inauhangaikia, na Yakobo aliupata kwa jina lake, kwa ridhaa ya baba yake. Ukiuliza hila ya ngozi ilimnunulia nini, jibu ni: umande na divai. Na ilimpotezea mama. Rebeka alimwambia akae kwa Labani "siku chache". Alikaa miaka 20, na maandiko hayamtaji tena Rebeka akiwa hai. Kinachotajwa ni kifo cha yaya wake, Debora.

Hesabu za mto Yaboki

Mwenye bekhora na mwenye berakha aliondoka nyumbani na fimbo tu, anasema mwenyewe, "kwa fimbo yangu nalivuka mto huu wa Yordani." Mali ya Isaka ilibaki alikobaki Esau. Huko Harani Labani alimpa binti yake mkubwa Lea gizani badala ya mdogo, Raheli, na alipolalamika akajibiwa kwamba kwao mdogo hatangulizwi mbele ya mzaliwa wa kwanza. Bereshit Rabba, midrashi (mkusanyo wa masimulizi ya marabi) juu ya Mwanzo, inaongeza jibu la Lea. Yakobo anamwita mdanganyifu, naye anamuuliza kama kuna mwalimu asiye na wanafunzi: baba yako hakukuita Esau nawe ukaitika?

Kurudi, Esau anakuja na watu 400. Yakobo anatanguliza mifugo kwa makundi, akiacha nafasi kati ya kundi na kundi ili hasira ipoe kidogo kidogo: mbuzi majike 200 na mabeberu 20, kondoo majike 200 na madume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na ndama wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda majike 20 na madume 10. Ni wanyama 550 bila kuhesabu ndama wa ngamia. Angalia uwiano: dume moja kwa majike kumi ya mbuzi na kondoo, moja kwa manne ya ng'ombe, moja kwa mawili ya punda. Mfugaji ataona mara moja kwamba haya hayakukusudiwa kuchinjwa. Ni kundi la kuzalisha, mtaji kamili wa kuanzia maisha.

Kisha Yakobo akainama mara saba, akimwita nduguye bwana wangu. Baraka iliyoibwa ilisema wana wa mama yake watamsujudia. Aliyesujudu akawa yeye. Na Esau alipokataa mifugo akisema anayo tele, Yakobo akatumia neno lenyewe: chukua birkhati, "baraka yangu" (33:11). Tafsiri nyingi huandika "zawadi", na kitendo chote kikafichika. Yakobo anarudisha berakha kwa jina lake, mbele ya mashahidi 400. Marabi wao walishika upande wa pili wa mazungumzo hayo. Esau aliposema, "Uliyo nayo yawe yako," wanaona hapo ndipo alipomwachia rasmi baraka zile. Nadhani wote wawili wamesikika sawasawa: mmoja alilipa, mwingine akasamehe, na bila kulipa kusamehe kusingekuja.

Isaka alipofariki, walimzika wote wawili, na Esau anatajwa kwanza. Baada ya hapo Esau alichukua jamaa yake na mifugo akahamia Seiri, kwa kuwa nchi haikuwatosha. Hakuna ugomvi wa mgawanyo ulioandikwa.

Mapokeo hata hivyo hayakufuta kilio chake. Bereshit Rabba inasema kilio kikuu cha uchungu ambacho Yakobo alimliza Esau kililipizwa Shushani, mji wa wafalme wa Uajemi, vizazi vingi baadaye, Mordekai wa kitabu cha Esta alipolia kwa maneno yaleyale.

Kosa lililorudiwa, na sheria iliyokuja nyuma yake

Yakobo alipokuwa baba alifanya alichofanyiwa. Alimpandisha Yusufu, mwana wa Raheli, juu ya Reubeni, mwana wa Lea; 1 Mambo ya Nyakati 5:1-2 inasema wazi kwamba haki ya mzaliwa wa kwanza walipewa wana wa Yusufu, kwa sababu ya kosa la Reubeni. Ndugu wakamletea mzee nguo iliyochovywa katika damu ya mbuzi: nguo na mbuzi tena. Talmudi (Shabati 10b) inakadiria kisababishi kwa mizani: kwa sufu yenye uzito wa sela 2 (sarafu mbili za kale) aliyomzidishia Yusufu, wazee wetu wakashuka Misri.

Ndipo ukisoma Kumbukumbu la Torati 21:15-17 unashtuka. Mtu ana wake wawili, apendwaye na achukiwaye, na mzaliwa wa kwanza ni wa achukiwaye: hawezi kumfanya mwana wa apendwaye kuwa wa kwanza. "Achukiwaye" ndilo neno alilopewa Lea. "Mwanzo wa nguvu zake" ndilo Yakobo alilomwita Reubeni. Sheria imeandikwa kana kwamba mwandishi alikuwa na faili la nyumba hii mezani.

Mishna, msingi wa Talmudi (Bava Batra 8:5), iliziba mlango huo vizuri, ikaacha dirisha. Baba akisema, "Mwanangu wa kwanza hatachukua mafungu mawili," hakusema kitu. Akitaka kumzidishia mmoja lazima asitumie neno urithi hata kidogo. Atumie neno zawadi, mwanzoni, katikati au mwishoni mwa tamko. Akiandika hati akiwa mzima, aweke maneno "tangu leo na baada ya kufa": mtaji ni wa mwana tangu siku ile, mazao ni ya baba mpaka afe, na hakuna kati yao anayeweza kuuza peke yake. Likikosekana neno moja, hati inaweza kuanguka. Na hata ikisimama, Samueli, mwalimu wa Talmudi na si yule nabii, alimwonya mwenzake Rav Yehuda asiwe pahali urithi unapohamishwa, hata kama ni kutoka kwa mwana mbaya kwenda kwa mwana mwema.

Nafasi moja pangoni

Limebaki pango. Katika Talmudi (Sota 13a) marabi wanasimulia kwamba wana wa Yakobo walipoileta maiti ya baba yao kutoka Misri, Esau alisimama mlangoni. Pango lina nafasi za jozi nne: Adamu na Hawa, Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, na jozi moja iliyobaki kwa warithi wawili. Yakobo, akasema, alishamzika Lea katika nafasi yake. Iliyobaki ni yangu.

Wakamjibu kwamba aliuza. Ndipo alipotoa hoja ambayo, kwa macho ya mwanasheria, ndiyo bora kuliko zote katika kisa hiki: haya, niliuza bekhora, je, niliuza na fungu la kawaida? Mzaliwa wa kwanza hupata fungu lake kama mwana, na juu yake fungu la ziada. Dengu zilinunua la ziada. La mwana hazikuligusa. Katika mapokeo mengine, aliyonayo Rashi, jambo hili linakubaliwa kimya kimya, maana humo Yakobo alirundika fedha na dhahabu zote alizotoka nazo kwa Labani na kumwambia Esau achukue rundo hilo kwa sehemu yake ya pango. Kama fungu la kawaida lilikwisha kuuzwa, rundo la nini?

Katika Sota, wana wa Yakobo walisema ipo hati ya mauzo. Esau akasema ileteni. Hati ilikuwa Misri, na Naftali, mwenye mbio kama ayala, akatumwa kuifuata. Alikuwapo Hushimu, mwana wa Dani, mzito wa kusikia, ambaye hakuwa amefuata hata hoja moja. Akauliza kuna nini. Akaelezwa kwamba mtu huyu amezuia mazishi mpaka Naftali arudi kutoka Misri. Je, babu yangu alale kwa aibu mpaka Naftali arudi? Akachukua rungu na kumpiga Esau kichwani, na Naftali bado yuko njiani.